Chupa, Kifuu na Wavu wa Dirisha: Kuwalisha Ndege Uani, Morogoro

Ifikapo mwishoni mwa Agosti, nyasi za pembezoni mwa barabara zetu hapa Morogoro huwa zimekwisha kukauka, nyingine zimechomwa moto na nyingine zimeliwa na mbuzi, na mbegu zilizoanguka ardhini zimekwisha kuokotwa. Tangu hapo hadi mvua za vuli zinyeshe, ndege wadogo wanaoishi kwa mbegu hupitia majuma magumu kuliko yote katika mwaka. Ni katika kipindi hicho ninapoanza kutundika vilishio uani kwangu, na kwa kuwa watu kadhaa walioviona wameniomba niwaeleze ninavyovitengeneza, nimeona niandike kwa kirefu, pamoja na mambo ambayo hayaonekani kwa mtu anayetazama tu chupa ikining'inia mtini.

Vilishio vyangu vyote vinatokana na vitu ambavyo vingetupwa: chupa za maji, vifuu vya nazi, vipande vya wavu wa dirisha, mabaki ya kamba ya katani. Sivitengenezi hivyo kwa kukosa vile vya dukani. Ninaamini kwamba katika hali yetu ya joto na unyevu, kilishio cha nyumbani ndicho bora zaidi, kwa sababu mtu haoni uchungu kukitupa na kutengeneza kingine. Chombo kilichonunuliwa kwa fedha nyingi hubakizwa mtini hata kikiwa kimeota ukungu pembeni na kimejaa kinyesi cha ndege, na chombo cha namna hiyo huwadhuru ndege wale wale ambao mwenye nyumba alitaka kuwasaidia. Kutengeneza kilishio ni kazi ya saa moja. Kukitunza ni kazi ya msimu mzima, na asiye na nafasi ya kukitunza afadhali asikitundike.

Kilishio ninachokitegemea zaidi ni cha chupa ya maji ya lita moja na nusu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa zingalipo kila mahali, kwa hiyo malighafi haikosekani. Chupa huoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, karatasi yake hubanduliwa, kisha huachwa ikauke kabisa ndani na nje, kwa maana punje ikigusa unyevu uliobaki itaanza kuvunda kabla ndege hajaifikia. Vitu vingine vinavyohitajika ni vijiko viwili vya mbao vyenye mpini mrefu, msumari wa inchi nne, koleo la kuushikia, na kamba ya katani au waya mwembamba. Msumari hupashwa moto kwenye jiko la mkaa, na kazi hiyo ifanyike nje, mahali penye upepo, kwa sababu moshi wa plastiki inayoungua si wa kuvutwa na mtu yeyote, sembuse mtoto.

Kwa msumari huo hutobolewa tundu upande mmoja wa chupa, kama sentimita tano kutoka chini, lenye upana wa kuupitisha mpini wa kijiko kwa kubana kidogo. Upande wa pili, mkabala na tundu hilo lakini chini yake kidogo, hutobolewa tundu kubwa zaidi, la kama sentimita moja na nusu. Mpini huingizwa kupitia tundu kubwa na kutokezea kwenye lile dogo, hadi kichwa cha kijiko kikae mlangoni mwa tundu kubwa na kuinamia nje kidogo sana. Punje huteremka taratibu, hujikusanya kijikoni, na zikishajaa hapo huacha kumwagika hadi ndege atakapozila. Kijiko cha pili huwekwa juu zaidi, sentimita kumi hivi kutoka cha kwanza, na kielekezwe upande mwingine, ili ndege aliyesimama juu asimwage kinyesi kwenye chakula cha aliye chini. Jambo hilo la mwisho hupuuzwa katika picha nyingi za vilishio ninazoziona, ambazo huonyesha vijiko vimepangwa kimoja juu ya kingine.

Kabla ya kujaza nafaka, hupitisha tena msumari wa moto kwenye kingo za matundu ili zilainike na zisikate miguu ya ndege, kisha hutoboa vitundu vitano au sita vya sindano chini ya chupa ili maji ya mvua yatoke. Kifuniko hutobolewa katikati, waya hupitishwa na kufungwa fundo kwa ndani, nacho hubaki kikifunguka kama kawaida ili chupa ijazwe kutoka juu. Chupa ya namna hii hudumu miezi michache tu, kwa sababu jua kali hufanya plastiki ifubae na kuwa ngumu ya kuvunjika, na ikifikia hali hiyo ibadilishwe bila kusubiri ipasuke.

Nafaka ninayoweka ni mtama na uwele, ambavyo hupatikana sokoni kwa bei ya kawaida, pamoja na chenga za mchele ambazo wauzaji huzitenga kwa bei ya chini. Ulezi ndege wadogo huupenda sana, lakini punje zake ni ndogo mno na hutiririka zote kupitia tundu la kawaida, kwa hiyo anayetaka kuutumia atoboe tundu jembamba au auchanganye na mtama. Mbegu za alizeti, ambazo Singida na Dodoma hutoa kwa wingi, zina mafuta yenye nguvu nyingi, ila midomo ya ndege wetu wengi wa uani ni midogo kwa ganda lake, hivyo ni vizuri zipondwe kidogo kwenye kinu. Wali uliopikwa kwa chumvi na mafuta, mkate, chapati zilizobaki na maandazi sivipeleki kabisa. Vyakula hivyo huwajaza ndege bila kuwafaa, huvunda upesi, na huvuta kunguru na panya.

Naomba msomaji anivumilie nikae kidogo kwenye suala la ukungu, kwa maana hapa ndipo nia njema inapoweza kuua. Watu wengi hufikiri kwamba nafaka isiyofaa kwa binadamu inawafaa ndege, na kwa hiyo mahindi yaliyooza au karanga zilizokunjamana na kubadilika rangi ndizo zinazopelekwa kwenye kilishio. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotengeneza sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, iliua watu 125. Sumu yenyewe ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwa sababu ya ndege: mwaka 1960 nchini Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba chanzo kilikuwa mashudu ya karanga waliyokuwa wamelishwa. Tongo, yule ndege mdogo wa rangi ya kahawia na nyeusi mwenye tumbo jeupe anayekuja kwa makundi, ana uzito wa takriban gramu 10 tu. Kwa kiumbe wa uzito huo, punje chache zenye sumu si jambo dogo. Kanuni ninayoifuata ni kwamba nafaka nisiyoweza kuichagua na kuipika kwa ajili ya familia yangu haiingii kwenye kilishio.

Kilishio cha pili, ambacho kwa uzuri wake ningekiweka cha kwanza, ni cha kifuu. Nazi ikishakunwa kwenye mbuzi, kifuu hubaki na nyama kidogo ndani, na hiyo lazima ikwanguliwe yote kwa kisu, kwa sababu hugeuka uchachu na kuota ukungu ndani ya siku chache. Baada ya hapo kifuu huanikwa juani hadi kikauke, kisha hutobolewa matundu matatu karibu na ukingo kwa umbali ulio sawa, na mengine madogo chini kwa ajili ya maji. Kamba tatu za katani hupitishwa, hukutanishwa juu na kufungwa fundo moja. Anayependa anaweza kuongeza kifuu cha pili juu yake kilichofunikwa kifudifudi, kikapitishwa kwenye kamba zile zile, nacho kikawa paa la kuzuia jua na manyunyu. Kifuu ni kigumu, hakipinduki kirahisi kikiwa na nafaka ndani, na ndege mdogo hukishika ukingo wake kwa makucha bila kuteleza, tofauti na sahani ya bati ambayo juani hupata moto mkali na huteleza. Tongo hukaa wanne au watano kwa pamoja kwenye kifuu kimoja, wakibanana begani, na mshigi wa buluu hungoja waondoke ndipo ashuke, kwa kuwa ni mwoga zaidi.

Tetere, pugi na njiwa wengine wa porini hawana raha na vyombo vinavyoning'inia. Wao hula chini, wakitembea na kuokota punje moja moja, na kwa ajili yao hutengeneza trei ya wavu. Fremu ya mbao nne zilizobaki kwa fundi seremala, yenye upana wa sentimita arobaini hivi kila upande, huwambwa kipande cha wavu wa mbu wa dirishani, ule wa waya au wa nailoni, kisha husimamishwa juu ya miguu mifupi au juu ya matofali. Ungo uliotoboka nao unafaa. Sifa kubwa ya wavu ni kwamba maji hayatuami na hewa hupita kutoka chini, hivyo punje hubaki kavu. Trei ya bati au ya plastiki isiyopitisha maji siipendekezi kwa mtu yeyote, maana mvua moja ya usiku huigeuza uji wa nafaka na kinyesi ambao kila ndege anayefika asubuhi ataingiza mdomo wake humo. Katika trei huweka nafaka ya kuisha siku hiyo hiyo, na jioni hukung'uta kilichobaki, kwa sababu kikilala nje ni chakula cha panya.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, na hata huku kwetu, trei ya wazi ina tatizo lingine, nalo ni kunguru wa Bara Hindi. Ndege hao waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 kwa matumaini kwamba wangesafisha takataka za mji, wakazaliana, wakavuka kwenda bara, na leo hii wamekuwa adui mkubwa wa ndege wadogo kwa sababu hula mayai na makinda yao. Yeyote anayewawekea chakula, hata bila kukusudia, huwakaribisha kwenye miti ile ile ambamo mnana na shore wanataga. Mahali palipo na kunguru wengi, nashauri trei iachwe kabisa, na itumike chupa ya vijiko peke yake, kwa kuwa kijiko chembamba hakimbebi kunguru, na punje za uwele hazimvutii kama vinavyomvutia mabaki ya nyama, samaki na wali. Nimewahi kuulizwa kama si ubaguzi kumpendelea ndege mmoja na kumnyima mwingine. Jibu langu ni kwamba tulivuruga mizani sisi wenyewe tulipomleta kunguru huyo, na si haki gharama yake ilipwe na makinda ya mnana.

Kwa ndege wanaokula matunda, kazi ni rahisi kuliko zote: ubao mmoja uliopigiliwa misumari miwili mirefu kutoka nyuma hadi ncha zake zitokeze mbele, na juu ya ncha hizo hukitwa kipande cha papai, ndizi iliyoiva sana, nusu ya chungwa au embe lililoliwa upande mmoja. Misumari izame kabisa ndani ya tunda, ncha isionekane. Shore, wale wenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, hufika mapema asubuhi wakiwa wawili wawili, na kuzumburu, wenye kishungi na mkia mrefu, hufika kwa genge na kulimaliza tunda lote wakiwa wamening'inia kama wametundikwa. Ifikapo adhuhuri tunda lililobaki liondolewe, kwani nyigu na nzi huanza kulizingira na joto huligeuza kuwa kileo.

Kuhusu chozi, ndege wa kung'aa mwenye mdomo mwembamba uliopinda, maoni yangu yanatofautiana na ya wapenzi wengi wa ndege. Wengi huwatengenezea vichupa vya maji ya sukari. Anayetaka kufanya hivyo atumie sehemu moja ya sukari nyeupe kwa sehemu nne za maji, ayachemshe na kuyapoza, asitie asali kwa sababu asali iliyochanganywa na maji huchacha na kuota kuvu upesi, na asitie rangi, kwa kuwa kitambaa chekundu au kifuniko chekundu kinatosha kumwita ndege. Aweke pia kijiti cha kusimamia mbele ya tundu, kwa sababu chozi wetu hupenda kunyonya akiwa ametua, tofauti na wale ndege wadogo wa Amerika wanaoelea hewani wakati wa kula. Lakini kwa joto la Morogoro maji hayo huharibika ndani ya siku moja, na chombo kisichooshwa kila siku hugeuka hatari kwa ulimi wake. Kwa hiyo mimi nimechagua kupanda. Shubiri chache kwenye madebe ya zamani yaliyotobolewa chini, haibiskasi kwenye ua, na mgomba mmoja ambao ua lake la zambarau hutembelewa na chozi tangu alfajiri, vinamtosheleza kuliko kichupa chochote, na juu ya hayo humpatia wadudu wadogo na buibui anaowalisha makinda wake.

Sasa nirudi kwenye usafi, ambao nimesema ndio msingi wa yote. Kilishio huwakutanisha ndege ambao porini wangekula mbali mbali, na panapokuwa na mkutano wa namna hiyo maradhi hupata njia. Mwaka 2005 nchini Uingereza, ambako mamilioni ya nyumba zina vilishio, maradhi ya kimelea kiitwacho Trichomonas gallinae yalianza kuwaua chiriku wa kijani. Kimelea hicho hufanya vidonda kooni hadi ndege ashindwe kumeza, naye huacha mate yenye vimelea kwenye punje na maji ambayo mwenzake atayala. Idadi ya chiriku hao iliporomoka vibaya katika miaka iliyofuata. Marekani nako, mwaka 1994 karibu na jiji la Washington, yalionekana maradhi ya macho yanayosababishwa na bakteria, nayo yakasambaa miongoni mwa chiriku wa majumbani katika majimbo mengi ya mashariki, vilishio vikiwa miongoni mwa mahali pa kuambukizana. Kimelea cha koo hukaa kwa kawaida ndani ya njiwa na tetere, ambao ndio wageni wakubwa wa trei zetu, kwa hiyo haya si mambo ya nchi za mbali ambayo hayatuhusu.

Kila juma hushusha vilishio vyote, humwaga nafaka iliyobaki, husugua kwa brashi na sabuni, kisha huviloweka kwa dakika kumi katika maji yaliyotiwa dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji. Husuuza mara kadhaa na kuanika juani hadi harufu ya dawa itoke na chombo kikauke kabisa. Kazi hiyo hufanyika nje, kwa beseni ambalo halitumiki jikoni, na mikono huoshwa vizuri baadaye. Chini ya kilishio nako hufagiliwa, kwa kuwa maganda na kinyesi hujikusanya hapo, na kila baada ya wiki chache huhamishia kilishio tawi jingine ili ardhi ya pale ipumzike. Akionekana ndege aliyejikunyata, manyoya yamefura, haruki hata mtu anapomkaribia, nashauri vilishio vyote na maji viondolewe mara moja kwa wiki mbili au zaidi, ili ndege watawanyike.

Wenye kuku wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita, unaweza kubebwa na njiwa, na kuku wanaodonoa chini ya kilishio cha njiwa wamewekwa mahali pabaya. Kilishio kiwe mbali na banda, upande mwingine wa nyumba ikiwezekana, na kuku wapewe chanjo kwa ratiba yao. Pale ambapo ua ni mdogo na kuku wanazurura kila pembe, ningeshauri mtu aache nafaka na abaki na matunda na maua.

Mahali pa kutundika nako panahitaji kufikiriwa. Ndege hutaka kichaka cha karibu cha kukimbilia mwewe anapopita, lakini kichaka kikiwa chini kabisa ya kilishio paka hujificha humo. Umbali wa mita mbili au tatu kati ya kichaka na kilishio umefaa kwangu. Nyumba yenye vioo vikubwa iangaliwe zaidi, kwa sababu ndege anayeshtuka huruka kuelekea anga lililoakisiwa kwenye kioo na kuvunjika shingo. Kilishio kiwe ama karibu sana na dirisha, chini ya mita moja, ambapo ndege hajapata mwendo wa kujiumiza, ama mbali, zaidi ya mita kumi. Sisimizi huzuiwa kwa kopo dogo la maji lililopitishwa kwenye waya juu ya kilishio, nao hawawezi kuvuka. Wapo wanaopaka grisi au mafuta kwenye waya. Hilo lisifanywe, kwani mafuta yakigusa manyoya huyagandamanisha, na manyoya yaliyogandamana hayamkingi ndege na mvua wala na baridi ya usiku.

Kama msomaji ana nafasi ya kufanya jambo moja tu kati ya yote niliyoyaeleza, basi aweke maji. Katika kiangazi maji huwavuta ndege wengi kuliko nafaka, wakiwemo wale wanaokula wadudu ambao hawatakaribia mtama kamwe. Kigae cha chungu kilichovunjika au sahani ya udongo inayowekwa chini ya chungu cha maua inatosha, mradi kina cha maji kisizidi sentimita tano na katikati pawekwe jiwe la kutua. Udongo usiopakwa rangi una mikwaruzo ya kushikilia miguu, na maji hubaki ya baridi. Lakini maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu, na wale wanaoeneza homa ya dengi, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hupenda hasa vyombo vidogo vya majumbani. Kwa hiyo maji humwagwa kila asubuhi na kuta za chombo husuguliwa, maana mayai ya mbu hao hugandia pembeni na huweza kustahimili ukavu kwa muda mrefu.

Najua wapo wasomaji ambao tangu mwanzo wamekuwa wakijiuliza kwa nini mtu awape ndege nafaka ambayo mkulima anaitolea jasho. Nimekulia katika kijiji cha wilaya ya Kondoa, na utoto wangu sehemu yake ilipita kwenye dungu la kuamia uwele, tukipiga makopo na kurusha mawe kuanzia alfajiri. Kweleakwelea ninawafahamu. Ndege mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, na kundi la milioni moja humaliza kama tani 10, kiasi cha kuiacha kaya na njaa mwaka mzima. Sina neno la kumlaumu mkulima anayewafukuza. Ndiyo maana siungi mkono kilishio cha nafaka karibu na mashamba ya mtama, uwele au mpunga, hasa majira punje zinapokomaa. Uani mjini ni jambo tofauti: kikombe kimoja cha nafaka kwa siku hakiiti makundi hayo ya nyikani, bali humsaidia tongo, mshigi na shomoro ambao viwanja vyao vya nyasi vimegeuka majengo na maegesho.

Watoto wa jirani, ambao walizoea kuwinda kwa manati na ulimbo, hawakukatazwa kwa hotuba. Walipewa chupa na vijiko, wakatengeneza vya kwao, na sasa hubishana wao kwa wao kuhusu majina ya ndege wanaofika. Nimewanunulia daftari la kuandika tarehe, ndege na walichokula, na kumbukumbu za namna hiyo zina thamani hata nje ya ua wetu. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na milima ya Uluguru inayotazamana na nyumba zetu ina aina zisizopatikana mahali pengine popote duniani. Aina hizo za msituni hazitashuka kula mtama wetu, lakini mtoto aliyejifunza kumtofautisha tongo na mshigi akiwa uani atakuwa na macho ya kuwatambua siku atakayopanda huko juu. Kwa walio Nairobi, jumuiya ya Nature Kenya, ambayo chanzo chake ni chama kilichoanzishwa mwaka 1909, huandaa matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho ya Taifa, na ni mahali pazuri pa kuanzia.

Masika yakikaribia hupunguza nafaka kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, wala siikatizi ghafla. Nyasi huanza kutoa mbegu, wadudu hujaa, na mnana walioanza kusuka viota huhitaji wadudu laini kwa ajili ya makinda, si uwele mkavu. Unyevu wa majira hayo pia huifanya nafaka kuota ukungu ndani ya chupa hata ikibadilishwa mara kwa mara. Maji na matunda huendelea, trei ya wavu husuguliwa na kuwekwa stoo, vifuu vilivyo vizima hukaushwa na kutundikwa jikoni hadi Agosti, na chupa zote huenda kwa wanunuzi wa plastiki wanaopita mtaani.